Kalamu ya Mhariri na Mkasi wa Mkaguzi: Gazeti la Ukutani katika Shule za Sekondari

UTANGULIZI

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kushughulika na riwaya, tamthilia, ushairi na hadithi fupi. Siku hizi hata misemo ya kwenye khanga na maandishi ya nyuma ya mabasi yamepata wahakiki wake. Lakini kuna maandishi ambayo wengi wetu tuliyapitia kabla hatujajua neno "fani" lina maana gani, nayo tumeyaacha nje ya uwanja: gazeti la ukutani. Lile la karatasi za manila, lililobandikwa kwa gundi ya unga wa muhogo karibu na ofisi ya walimu, lenye safu ya michezo, vichekesho, shairi la kuwaaga kidato cha nne, na picha ya mwenge iliyochorwa kwa kalamu za rangi.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo mawili. Kwanza, ni misingi gani ya uandishi wa habari inayoweza kufundishwa kwa mwanafunzi wa sekondari, na inafundishwaje. Pili, mwanafunzi huyo ana uhuru kiasi gani wa kuandika, na mwalimu ana haki gani ya kumzuia. Hoja yangu ni kwamba mambo haya mawili ni somo moja. Anayefundisha habari bila uhuru anafundisha mwandiko mzuri tu. Na anayedai uhuru bila kufundisha habari anawapa vijana kiberiti ndani ya nyumba ya nyasi.

Mifano yangu ya darasani inatoka Makutupora, kaskazini ya jiji la Dodoma ukifuata barabara ya Kondoa. Vijana wengi wa Tanzania wanaijua Makutupora kwa kombati na mchakamchaka, maana kambi ya JKT iliyopo pale hupokea wahitimu wa kidato cha sita kutoka kila kona ya nchi. Wengine wanaijua kwa zabibu, kwa sababu ya kituo cha utafiti wa zao hilo. Lakini sisi tunaosoma hapa Dodoma tunapaswa kuijua kwa maji, kwani visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, ndivyo vilivyounywesha mji huu kwa miaka mingi. Nilikuwa huko kwa mazoezi ya kufundisha, na nikawasaidia wanafunzi wa kidato cha tatu kufufua gazeti lao la ukutani. Shule yenyewe siitaji, kwa kuwa ninayoyasema hayapatikani katika shule moja tu.

MAGAZETI YETU YALIZALIWA SHULENI

Msomaji asije akadhani kwamba gazeti la shule ni mchezo wa watoto. Ukiifuatilia historia ya magazeti ya Kiswahili utajikuta umefika darasani. Mwaka 1888, katika chuo cha Kiungani, Unguja, kilichokuwa cha misheni ya UMCA, lilianza gazeti lililoitwa Msimulizi. Sisi wanafunzi wa fasihi neno hilo tunalijua vizuri: ni yule anayetuletea kisa, na kila mara tunaulizana anasimama wapi na anaona kwa macho ya nani. Baadaye, mwaka 1904, shule ya serikali ya Wajerumani mjini Tanga ikaanzisha Kiongozi, ambamo walimu na makarani Waafrika waliandika habari za sehemu walizofanya kazi. Kiongozi liliendelea hadi vita vilipofika Tanga mwaka 1916. Waingereza nao walipokuja, gazeti la Mambo Leo la mwaka 1923 lilitolewa na nani? Na Idara ya Elimu. Humo ndimo washairi wengi walimojifunzia kusomwa na watu wasiowafahamu, na Shaaban Robert ni mmojawapo.

Wenzetu wa Makerere nao wana kisa kinachofanana. Penpoint, jarida la wanafunzi wa Idara ya Kiingereza, lilianza mwaka 1958, na baadhi ya hadithi fupi za mwanzo za Ngugi wa Thiong'o zilitokea humo. Kwa hiyo mwandishi hazaliwi siku anapopeleka mswada kwa mchapishaji. Huzaliwa siku anapoona maandishi yake yamebandikwa mahali na watu wamesimama wanayasoma, wengine wanacheka, wengine wanabisha.

Hata hivyo tusiishie kusifu. Magazeti hayo ya mwanzo yalikuwa na mwandishi Mwafrika, lakini ufunguo wa chumba cha uchapaji haukuwa mfukoni mwake. Mmishonari, mwalimu mkuu wa Kijerumani au afisa elimu wa Kiingereza ndiye aliyeamua kipi kitoke. Swali la nani anashika kalamu nyekundu, basi, lilizaliwa siku moja na gazeti lenyewe. Tumelirithi pamoja na ubao wa matangazo.

NGONJERA NA HABARI

Kuna jambo moja ambalo mhakiki anaweza kuliona upesi kuliko mwalimu wa zamu. Shuleni mwanafunzi anapewa nafasi nyingi za kusema mbele ya watu: risala, mdahalo, igizo, kwaya na ngonjera. Ngonjera ina uhusiano wa pekee na huku kwetu, kwa sababu mtu aliyeikuza na kuipa umaarufu ni Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Dodoma. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ngonjera zilienea mashuleni kama chombo cha kufundishia siasa ya Ujamaa, na kitabu chake cha Ngonjera za UKUTA kilitoka mwaka 1970, yeye akiwa ameshafariki. UKUTA hapo ni kifupi cha Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, wala si ukuta wa kubandikia gazeti, lakini jina limeangukia pazuri.

Sina ugomvi na ngonjera. Ni sanaa nzuri, ina mabishano, na huwafundisha watoto kusimama wima na kupaza sauti. Lakini tuangalie jinsi ngonjera za shule zinavyotungwa mara nyingi. Mwalimu anatunga, mwanafunzi anakariri. Mjinga anauliza, mwerevu anajibu, na mwishoni mjinga anasalimu amri. Jibu linajulikana kabla swali halijaulizwa. Mgeni rasmi anapiga makofi, anatoa chochote kwenye bahasha, kazi imekwisha.

Habari ni kinyume chake. Mwandishi wa habari anauliza swali ambalo jibu lake hajui. Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu shule nyingi zimezoea sauti ya mwanafunzi iliyo ya ngonjera. Ukimwambia kijana "andika gazeti", ataandika ngonjera bila vina: elimu ni ufunguo wa maisha, tuwaheshimu wazazi, tutunze mazingira. Yote ni kweli, na hakuna hata moja lililo habari.

SOMO LENYEWE

Sasa misingi inafundishwaje? Haihitaji kompyuta wala kamera. Inahitaji daftari, kalamu na miguu. Mwalimu anaanza na maswali sita ambayo kila mwanahabari anayajua: nani, nini, lini, wapi, kwa nini, vipi. Halafu anawapa wanafunzi jambo la karibu wanalolijua. Makutupora jambo hilo halitafutwi mbali.

Tuseme mwanafunzi ameandika hivi: "Maji ni uhai. Sisi wanafunzi tunateseka sana na maji kwa sababu viongozi hawatujali kabisa." Darasa zima litashangilia, maana kasema ya moyoni. Lakini mwalimu asishangilie wala asigombe. Aulize tu. Mnateseka siku ngapi? Nani kahesabu? Bomba lipi? Viongozi gani, na umemuuliza nani kati yao? Unajuaje kwamba hawajali?

Kijana atarudi na daftari lake, na baada ya wiki habari inaweza kuwa hivi: "Bomba la bwenini halikutoa maji kwa siku nne kati ya Jumatatu na Ijumaa. Wanafunzi waliamka saa kumi alfajiri kuchota maji, ndoo mbili kila mmoja, na kumi na mmoja kati yao walichelewa namba. Fundi amesema pampu ina hitilafu na kwamba alitoa taarifa ofisini. Ofisi imesema kifaa kimeagizwa." Huu ni mfano wa kubuni, lakini msomaji anaiona tofauti. Maneno makali yote yametoka. "Tunateseka" halimo. "Hawatujali" halimo. Na bado habari ya pili ina nguvu kuliko ya kwanza, kwa sababu hakuna wa kuibishia.

Kutokana na mfano huo mwalimu anaweza kufundisha karibu misingi yote. Jambo zito linakaa juu, maelezo yanafuata chini, ili mtu anayesoma huku kengele inagonga asikose kiini. Kila dai linabebwa na mtu aliyelisema au macho yaliyoliona. Upande wa pili unaulizwa kabla ya kubandika, si baada ya ugomvi. Habari inakaa safu yake na maoni yanakaa safu yake, na anayetaka kulalamika aweke jina lake chini. Jina la mtoto aliyepatwa na aibu au msiba halitajwi. Gazeti likikosea, toleo linalofuata linasahihisha, tena mahali panapoonekana.

Thamani ya kuhesabu inaonekana palepale Makutupora. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliotumia vipimo vya kina cha maji ya visima vya bonde hilo kwa muda wa miaka 55. Ulionyesha kwamba maji ya chini ya ardhi hayajazwi sawasawa kila mwaka. Misimu michache ya mvua kubwa, hasa ile inayohusiana na El Niño, ndiyo inayochangia sehemu kubwa. Tujiulize: wanasayansi wangejuaje hayo kama pasingekuwa na watu waliokwenda kisimani, wakapima, wakaandika namba na tarehe, mwaka baada ya mwaka? Kijana anayeandika siku ambazo bomba limekauka anafanya kazi ya ukoo huohuo.

KUHARIRI NA KUKATA

Hapa tunafika kwenye kiini cha jambo. Habari ya kwanza, ile ya "viongozi hawatujali", ni rahisi kuidharau: mwalimu anacheka, anasema hawa watoto wana njaa tu. Habari ya pili ndiyo inayoogopesha. Ina tarehe, ina hesabu, ina jibu la fundi na jibu la ofisi. Kadiri mwanafunzi anavyojifunza vizuri, ndivyo maandishi yake yanavyozidi kuwa na hatari ya kung'olewa ukutani. Hilo ndilo jaribio halisi la mwalimu aliyejitolea kufundisha somo hili: siku ambayo wanafunzi wamelielewa.

Kuna tofauti kubwa kati ya kuhariri na kukata, ingawa zote mbili hutumia kalamu nyekundu. Mhariri anauliza: ni kweli? Inamuumiza asiye na hatia? Mwenzake ameulizwa? Akipata jibu baya anarudisha kazi kwa mwandishi ili airekebishe. Mkaguzi ana swali moja tu: itatuaibisha? Akipata jibu baya anakata, na mara nyingi hasemi kwa nini. Mhariri yuko upande wa msomaji. Mkaguzi yuko upande wa ofisi.

Mfano unaochambuliwa sana duniani unatoka Marekani. Mwaka 1983 wanafunzi wa shule ya sekondari ya Hazelwood East, karibu na St. Louis, waliandaa toleo la gazeti lao, Spectrum. Ndani yake mlikuwa na makala kuhusu wanafunzi waliopata mimba na nyingine kuhusu talaka za wazazi. Mkuu wa shule alikuwa na wasiwasi. Aliona kwamba wasichana wale wangeweza kutambulika hata kwa majina ya kubuni, na kwamba mzazi aliyelaumiwa na mtoto wake katika makala ya talaka hakupewa nafasi ya kujibu. Basi akaziondoa kurasa mbili nzima, pamoja na makala nyingine zilizokuwemo ambazo hata yeye hakuwa na shida nazo. Wanafunzi wakaenda mahakamani, na mwaka 1988 Mahakama ya Juu ikampa ushindi mkuu wa shule, majaji watano dhidi ya watatu. Ilisema kwamba gazeti linalotolewa kama sehemu ya masomo linaweza kudhibitiwa na shule ikiwa kuna sababu halali ya kielimu. Miaka 19 kabla ya hapo, mwaka 1969, mahakama hiyohiyo ilikuwa imewapa ushindi wanafunzi waliovaa vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita vya Vietnam, ikikataa kwamba mwanafunzi huuacha uhuru wake wa kujieleza nje ya lango la shule.

Tukiichambua kesi hiyo kwa jicho la mhakiki tunaona kitu cha ajabu. Maswali ya mkuu yule yalikuwa ya mhariri mzuri: kumlinda msichana, kumsikiliza mzazi. Ni yaleyale ambayo tungependa wanafunzi wa Makutupora wajiulize. Lakini chombo alichotumia kilikuwa mkasi. Aliamini kwamba muda wa kurekebisha haupo, kwa hiyo wanafunzi hawakujifunza namna ya kuficha utambulisho wa mtu wala namna ya kumtafuta mzazi ajibu. Walijifunza kwamba kurasa zinaweza kupotea.

Na tusidhani hayo ni ya Marekani pekee. Hapa Tanzania, Juni 2017, Rais Magufuli alitamka kwamba mwanafunzi aliyejifungua hatarudi katika shule za serikali. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ikatangaza kwamba wataruhusiwa kurudi. Kati ya tarehe hizo mbili walikuwepo wasichana waliokuwa wanakaa madawati ya mbele na kesho yake hawapo. Jambo hilo liliandikwa magazetini, likajadiliwa bungeni na redioni. Mwanafunzi aliyekuwa jirani na dawati lililobaki tupu, je, hakuwa na haki ya kuuliza swali moja katika gazeti la ukutani? Nasema alikuwa nayo. Lakini alihitaji mwalimu wa kumwambia: jina la mwenzako usiliandike, kijiji chao usikitaje, muulize mwalimu wa malezi, isome kanuni yenyewe inasemaje, kisha andika. Huo ndio uhariri. Kumwambia "hayo si ya umri wako" ni mkasi.

SHERIA INASEMAJE

Wapo watakaosema: bwana, hawa ni watoto, uhuru wa habari ni wa watu wazima. Tuangalie maandishi. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu uhuru wa maoni na haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Inasema kila mtu, haisemi kila mwenye miaka 18. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unampa mtoto haki hiyohiyo katika ibara ya 13. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nacho kinatambua haki ya mtoto kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayohusu ustawi wake.

Haki hizi zina mipaka, na haifai kuificha. Ibara ile ya 13 yenyewe inataja heshima na haki za watu wengine, usalama wa taifa, utaratibu wa jamii, afya na maadili. Mwanafunzi hana ruhusa ya kumzushia mwalimu wizi wala kumdhihaki mwenzake kwa kabila au ulemavu. Lakini tazama: mipaka hiyo inafanana sana na maswali ya mhariri, na katika orodha yote hiyo hakuna kipengele cha "isije ikatuaibisha mbele ya mgeni rasmi".

TUJIFUNZE KWA CHECHE

Huenda msomaji akauliza, ikiwa sekondari pana shida hii, chuo kikuu je? Jibu liko katika historia ya Mlimani. Novemba 1969 wanafunzi wa Dar es Salaam waliokuwa katika kundi la wanamapinduzi la USARF, wakishirikiana na Umoja wa Vijana wa TANU pale chuoni, walianzisha jarida la Cheche. Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji walikuwa miongoni mwa wahariri wake. Mwaka 1970 lilitoa toleo maalumu lenye uchambuzi mrefu wa Issa Shivji kuhusu tabaka na uchumi wa Tanzania. Novemba mwaka huohuo jarida likafungwa na USARF ikavunjwa. Sababu iliyotolewa haikuhusu kosa katika makala fulani. Ilihusu itikadi ya kigeni, na kwamba jina lenyewe lilikuwa mwangwi wa gazeti la Lenin. Mwaka uliofuata likatokea jarida jingine, MajiMaji, chini ya Umoja wa Vijana, na jina lake safari hii lilikuwa la nyumbani kabisa.

Waangalie watu wenyewe. Shivji akawa profesa wa sheria anayejulikana Afrika nzima. Hirji akawa profesa wa takwimu za tiba, na mwaka 2010 alitoa kitabu cha kumbukumbu za jarida lile. Meghji akafika hadi kuwa Waziri wa Fedha. Mkasi ulilikata jarida, haukukata vichwa. Lakini tusijifariji mno kwa hilo, kwani hao walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, wenye marafiki, vitabu na wahadhiri wa kuwatetea. Mtoto wa kidato cha tatu aliyeng'olewa karatasi yake akaitwa ofisini peke yake anaweza asiandike tena maisha yake yote. Hatutajua tulimkosa nani.

UKUTA WA MBELE NA UKUTA WA NYUMA

Hoja ya mwisho ya wapinzani ni ya amani: shule isiyo na gazeti ni shule tulivu. Anayesema hivyo hajaingia vyoo vya wanafunzi. Kila shule ina gazeti la ukutani, atake asitake mkuu wa shule. Kama halipo ukuta wa mbele, lipo ukuta wa nyuma, limeandikwa kwa mkaa. Lina habari za walimu, za mapenzi, za chakula chenye wadudu. Halina mhariri, halina jina la mwandishi, halimuulizi mtu upande wake, na halisahihishi makosa. Siku hizi lina tawi lake katika makundi ya simu wakati wa likizo, ambako uvumi unafika Kondoa kabla mwenye kuvumishiwa hajaamka.

Kwa hiyo mkuu wa shule hachagui kati ya gazeti na utulivu. Anachagua ukuta. Ukuta wa mbele una faida moja ambayo wa nyuma hauna: anayeandika hapo anajulikana, na kwa sababu anajulikana anajifunza kuwajibika. Nilichokiona kwa wanafunzi wale wa kidato cha tatu ni hiki. Walipoambiwa kwamba majina yao yatakaa chini ya habari, wa kwanza kufuta maneno ya kuzusha walikuwa wao wenyewe. Hakuna aliyewalazimisha.

HITIMISHO

Wengi wetu tunaosoma fasihi tutaishia kuwa walimu, tupende tusipende. Tutapewa Kiswahili vipindi vingi, tutapewa na klabu ya uandishi kwa kuwa hakuna mwingine anayeitaka. Siku hiyo tukumbuke mambo machache yanayowezekana hata pasipo fedha. Gazeti liwe na bodi ya wanafunzi yenye mhariri wao wenyewe, na mwalimu awe mlezi. Kanuni ziandikwe, zisainiwe na mkuu wa shule, zibandikwe pembeni mwa gazeti. Mwalimu akizuia makala, aandike sababu kwa mkono wake, na makala irudi kwa mwandishi, isiende kwenye jalala. Aliyetajwa apewe nafasi ya kujibu. Makosa yasahihishwe.

Hayo ya pili kutoka mwisho na ya mwisho ndiyo magumu, hasa kwa sisi wakubwa. Mkuu wa shule akipewa safu ya kujibu kuhusu pampu, atumie safu hiyo badala ya kiboko. Akijibu kwa maandishi, na jibu lake likabandikwa kando ya habari yenyewe, wanafunzi watakuwa wameona kwa macho yao kitu ambacho hakuna kipindi cha uraia kinachoweza kukionyesha: mwenye madaraka ameulizwa na mtoto, na amejibu. Pampu inaweza ikachelewa. Kazi ya darasa itakuwa imefanyika.